Saa 48 Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mwenye cheo, mkono wake unaishia wapi? Kwa hiyo za mirathi na za mipaka ya mashamba nimeziweka kando, wenye nazo mnivumilie hadi toleo lijalo. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya kwa miaka 29, na tangu nistaafu ni msaidizi wa kisheria hapa mkoani Tanga. Mimi si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaniruhusu kukuelimisha, kukuelekeza na kukusaidia kuandika. Kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yako hainiruhusu, na sitafanya.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mume wangu ni fundi baiskeli. Kwenye mkutano wa hadhara alinyoosha mkono akamwuliza mkuu wa wilaya fedha za mradi wa maji zimekwenda wapi, maana tulichangishwa na bomba mpaka leo halitoi maji. Mkuu akasema huyu anachafua hali ya hewa, mwekeni ndani saa 48. Akachukuliwa palepale, Jumanne saa 8 mchana. Ameachiwa Ijumaa saa 3 asubuhi. Hakuandikishwa maelezo wala hakupelekwa mahakamani, aliambiwa tu aende na asirudie. Nilipouliza kaunta nikajibiwa kwamba saa zinahesabiwa kuanzia jalada linapofunguliwa. Je, ni kweli? Na mkuu wa wilaya ana ruhusa hiyo? (Mama wa watoto watatu, kanda ya kati)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni nyote hapo nyumbani. Nianze na hilo la saa, maana ndilo lililonikera zaidi. Saa zinaanza kuhesabiwa mtu anapokamatwa. Jalada linaweza kufunguliwa kesho yake, mkuu wa kituo anaweza kuwa safarini, kitabu kinaweza kuwa kimejaa. Yote hayo hayamhusu mume wako. Uhuru wake ulichukuliwa Jumanne saa 8 mchana, pale uwanjani, askari alipomshika mkono. Saa 48 zikaisha Alhamisi saa 8 mchana. Mpaka Ijumaa saa 3 asubuhi amekaa saa 67. Zile 19 za mwisho hazina sheria yoyote ya kuzifunika.

Sasa hiyo sheria yenyewe. Ipo, na sitakudanganya kwamba haipo. Ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru polisi wamkamate mtu. Ila wengi wanaoitumia wameishia mstari wa kwanza. Ukiisoma mpaka chini utakuta inadai kwamba mtu huyo awe ametenda kosa linaloweza kumfikisha mahakamani, au kuwe na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka ndani. Inamtaka mtoa amri aandike sababu zake. Inataka mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya hizo saa 48, na asipofikishwa aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ileile. Na mwishoni kabisa inasema kwamba mkuu anayetumia uwezo huo visivyo anaweza kushtakiwa kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka chini ya Kanuni ya Adhabu.

Hebu uone ilivyo. Watu wanatamka "saa 48" kana kwamba ni adhabu, kama hakimu anavyosema miezi sita jela. Si adhabu hata kidogo. Ni muda wa mwisho wa kumfikisha mtu mahakamani. Kumweka mtu ndani ukijua tangu mwanzo kwamba huna shtaka la kumfikishia hakimu ni kumfunga bila hukumu, na Katiba yetu, Ibara ya 15, imekataza hilo kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la saba anayaelewa: "Kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru." Halafu inaendelea kueleza kwamba ni marufuku kukamatwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa kwa kufuata utaratibu wa sheria, au kutekeleza amri ya mahakama. Mtu mwenye hasira akishika maikrofoni mbele ya watu, huo si utaratibu.

Na mume wako alivunja amani ipi? Ameuliza swali la fedha alizochanga mwenyewe. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupewa taarifa, na Ibara ya 21 inampa haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomgusa. Bomba lisilotoa maji linamgusa kila mmoja wenu anayebeba ndoo.

Mimi kwa upande wangu naona kifungu hicho kifutwe kabisa, hata kama kingetumiwa vizuri. Polisi wanao uwezo wa kumkamata mtu anayevunja amani, kwa hiyo nchi haitabaki wazi. Kifungu hicho kinachoongeza ni kumfanya aliyeudhika awe ndiye mwenye kuamua. Wazo hili si langu peke yangu. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991, ile iliyopendekeza mfumo wa vyama vingi, ilikabidhi ripoti mwaka 1992 ikiwa na orodha ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilikuwa kandamizi. Sheria za mwaka 1962 zilizowapa madaraka wakuu wa mikoa na wa maeneo (ndio wakuu wa wilaya wa leo) zilikuwemo humo. Miaka mitano baadaye ikatungwa hii ya 1997, na uwezo wa kuweka watu ndani ukahamia humo. Viongozi wa juu wa serikali wamewakemea wakuu wa wilaya hadharani zaidi ya mara moja kwa kuutumia ovyo. Kukemea ni jambo jema, lakini kemeo likipita kifungu kinabaki.

Kuna jambo nililoliona kwa macho yangu, nikueleze, maana ndilo litakalokusaidia.

Nikiwa karani bado kijana, Jumatatu moja alifikishwa mahakamani kwetu bwana mmoja wa makamo, anatuhumiwa kumtukana kiongozi. Karatasi iliyoletwa ilionyesha amekamatwa asubuhi hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeipokea na kuisajili. Hakimu akamwuliza ulikamatwa lini, yule bwana akajibu Alhamisi. Mwendesha mashtaka akasimama na kusema mshtakiwa anachanganya siku. Hapo ndipo mke wake, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na kitenge begani, akasimama bila kuruhusiwa na kusema, "Mheshimiwa, mimi ninayo." Akatoa daftari la shule, la kurasa 40, jalada limechakaa, bila shaka la mtoto wake kwa sababu kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za kuzidisha. Nyuma alikuwa ameandika kwa penseli: Alhamisi saa 1 usiku, ugali na dagaa, askari mwenye pengo kasema rudi kesho. Ijumaa saa 2 asubuhi, chai na viazi, yupo, nimemwona dirishani. Ijumaa saa 12 jioni, wamekataa chakula. Jumamosi. Jumapili. Siku zote nne, na saa zake, na alichobeba.

Nililipokea daftari nikampelekea hakimu. Alilisoma lote kimya, kisha akarudia kulisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na mpaka leo naikumbuka ile sauti ikitamka "wamekataa chakula" ndani ya chumba kilichotulia. Akamwuliza mwendesha mashtaka kama kituo kina kitabu cha kupinga hilo. Hakikuletwa. Yule bwana alipata dhamana siku hiyo, na baadaye shauri likaondolewa.

Kwa hiyo, mwanangu, leo hii kabla hujapika cha jioni, kaa na mume wako muandike. Saa aliyokamatwa, nani alitoa amri, maneno gani yalitamkwa, nani walikuwa karibu, askari gani alimshika, kituo gani, uliongea na nani kaunta, saa ngapi aliachiwa. Kisha muandike barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa mkiomba nakala ya sababu zilizoandikwa wakati wa kutoa ile amri. Sheria imetaka ziandikwe. Zikikosekana, hilo ni jibu tayari. Nakala mpeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Makao makuu yake yako Dodoma, inapokea malalamiko bila malipo, na kazi yake hasa ni hii. Mkitaka kudai fidia, serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, msilale. Hapo mtahitaji wakili, na mkikosa uwezo, ombeni msaada wa kisheria kwenye halmashauri yenu, afisa ustawi wa jamii atawaelekeza.

Na wewe msomaji mwingine ambaye ndugu yako yuko ndani sasa hivi unaposoma: usingoje atoke. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu anayeshikiliwa aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze kwa nini. Kwa mtu aliyekamatwa na polisi kwa njia ya kawaida bila hati, kama kosa si la adhabu ya kifo wala si zito, na haielekei kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kumpa dhamana. Dhamana ya polisi haina malipo. Anayekuomba "ya karatasi" au "ya mafuta ya gari" anakuomba rushwa; TAKUKURU wanapokea simu kwa namba 113.

SWALI: Mtendaji wa kijiji alikuja na mgambo wawili wakachukua mbuzi wangu jike kwa sababu sijamaliza mchango wa darasa. Nilibakiza shilingi 10,000. Mbuzi ana mimba. Nifanye nini? (Mkulima wa mahindi)

JIBU: Nenda leo. Usisubiri mbuzi auzwe mnadani halafu uanze kutafuta haki yake.

Ukifika ofisini, uliza kwa upole maswali mawili. La kwanza: mchango huu umewekwa na sheria ndogo gani, na ilipitishwa na halmashauri lini? Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, lakini haina nguvu mpaka iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Mhutasari wa mkutano wa kijiji peke yake si sheria. La pili: mahakama ipi imeamuru mbuzi akamatwe? Hata kama unadaiwa kihalali, anayekudai anakwenda mahakama ya mwanzo, anathibitisha deni, anapata amri, ndipo mali ikamatwe. Mtendaji hawezi kuwa mdai, hakimu na dalali kwa wakati mmoja. Katiba, Ibara ya 24, inalinda mali ya mtu, na mbuzi ni mali kama gari lilivyo mali. Ibara ya 138 nayo imesema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Mchango wa lazima unaochukuliwa kwa virungu ni kodi hata ukiuita hiari.

Omba pia stakabadhi inayosema mbuzi amechukuliwa, rangi yake, na kwamba ana mimba. Wakikataa kuandika, andika wewe mbele ya balozi wa nyumba kumi au jirani na wasaini.

Wazee wanaokumbuka kodi ya kichwa hawataona ajabu. Mimi nimekua nikiona wanaume wa kijijini kwetu wakilala porini msimu wa mgambo, na wake zao wakipeleka chakula kwa siri. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na nilidhani tabia yake ingekufa nayo. Darasa ni la watoto wako, ndugu yangu, kwa hiyo hiyo 10,000 ilipe ukiipata, tena kwa risiti. Ila mbuzi arudi kwanza.

SWALI: Bibi, askari alinisimamisha stendi akachukua simu yangu akaanza kusoma meseji za WhatsApp. Anaruhusiwa? (Dereva bodaboda, miaka 23)

JIBU: Si hivihivi barabarani kwa kuwa tu ametaka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano yako binafsi sawa na inavyolinda chumba chako cha kulala. Kifaa kinaweza kupekuliwa kwa uchunguzi wa kosa, lakini kwa amri: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaiweka mikononi mwa mkuu wa kituo au ofisa wa cheo cha namna hiyo. Mwulize anachunguza kosa gani na amri iko wapi. Akichukua simu, sheria inataka upewe stakabadhi ya kilichochukuliwa, nawe uisaini pamoja na mashahidi. Usigombane, usimnyang'anye, ukimsukuma askari utakuwa umempa kosa ambalo hakuwa nalo. Kariri namba yake ya utumishi, nenda kituoni kwake ukaandikishe malalamiko.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 78. Nakusoma kila mwezi na leo nimeamua kukwambia ukweli. Unawafundisha watu ukaidi. Taifa hili lilijengwa kwa watu kutii. Kila mtu akianza kuuliza "kwa sheria gani", hakuna barabara itakayojengwa, hakuna mtoto atakayepelekwa shule, hakuna mwizi atakayekamatwa. Serikali isiyo na nguvu ni balaa kuliko serikali kali. Wewe unataka nini hasa? (Mwalimu, Kagera)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ninaijibu kwa heshima yote, kwa sababu nusu yake nakubaliana nayo.

Serikali isiyo na nguvu ni balaa, kweli. Mwaka mmoja kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu, afisa afya alifunga kibanda cha mama lishe, jirani yangu na shoga yangu wa miaka mingi. Alilia, nami nikalia naye, na bado nilimwambia afisa yule yuko sahihi. Alikuja na barua, barua ilitaja sheria ya afya ya jamii, ilisema kibanda kitafunguliwa akichimba shimo la maji machafu na kuleta cheti cha kupimwa, na ilisema asiporidhika akalalamike wapi. Wiki tatu baadaye alikuwa anauza wali maharage kama kawaida. Pale serikali ilimnyima mtu riziki yake kwa wiki tatu, na mimi nasimama upande wa serikali.

Sasa nikueleze ya pili. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wakati huo kaka yangu alikuwa Dar es Salaam, Kariakoo, anashona viatu kando ya barabara. Alikuwa na sindano mbili, nta, na kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Msako ulipopita alidaiwa kitambulisho cha kazi. Akaonyesha viatu. Wakamwambia hiyo si kazi. Akapandishwa lori na wenzake, wakarudishwa mikoani wakalime. Alifika kwetu usiku, amevaa shati alilokamatwa nalo, na ndani ya mfuko wa rambo alikuwa na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, cheusi, cha mteja, soli nusu imeshonwa. Cha kulia kilibaki chini barabarani alipokamatwa. Alikitunza kile kiatu juu ya kabati la mama kwa miaka, akisema mwenyewe yuko mjini anakingoja. Kilichomwuma hakikuwa kilimo, Mwalimu. Tulikuwa watoto wa wakulima na jembe analijua. Kilichomwuma ni kwamba mtu asiyemjua alimwangalia akiwa na sindano mkononi, anafanya kazi, akamwambia hafanyi kazi. Na hapakuwa na mlango wa kubisha hodi. Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisikiliza mwaka 1988. Kaka yangu alipandishwa lori kabla ya hapo.

Mambo haya mawili yalifanywa na serikali moja, yote kwa jina la faida ya wengi. Umeniuliza ninataka nini. Ninataka tuweze kuyatofautisha, na wala sikubuni mimi kipimo chake. Ibara ya 30 ya Katiba inakubali kabisa kwamba haki zina mipaka: usalama, afya ya jamii, amani, haki za wengine. Hakuna mtu mwenye uhuru wa kutiririsha maji machafu kwenye kisima cha jirani. Lakini mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliulizwa mipaka yenyewe nayo inaishia wapi. Wakati huo ulikuwa huwezi kuishtaki serikali bila kibali cha waziri, yaani unamwomba ruhusa unayetaka kumshtaki. Waheshimiwa majaji walikiondoa kifungu hicho. Wakasema sheria inayopunguza haki ya mtu isiwe ya kumwachia mtawala afanye apendavyo, iwe na kinga za kuzuia maamuzi ya kionevu, na isipunguze zaidi ya kinachohitajika kufikia lengo lake halali.

Ipitishe barua ya afisa afya kwenye maneno hayo. Ilitaja sheria, ilikuwa na mwisho, ilikuwa na pa kukata rufaa, na haikufunga zaidi ya kibanda kile. Ipitishe na ile lori.

Nimewajua askari wengi katika miaka yangu 29, na wengi walikuwa watu wema. Mmoja, marehemu sasa, aliwahi kuniambia kwamba siku aliyolala usingizi mzuri kuliko zote ni ile aliyopewa amri kwa mdomo ya kumweka ndani mzee mmoja wa mtaa, akajibu, "Afande, naomba iandikwe." Haikuandikwa, na mzee akaenda nyumbani. Swali la "kwa sheria gani" lilimwokoa mzee na likamwokoa askari. Ukaidi ni kukataa kutii baada ya kuonyeshwa sheria. Aliyeuliza aonyeshwe bado hajakataa.

Ulikuwa darasani miaka mingi, Mwalimu. Mwanafunzi aliyeuliza "kwa nini" ulimpiga au ulimjibu? Ninaamini nakujua vya kutosha, kwa mwandiko wako tu, kujua jibu. Niandikie tena.

SWALI: Kama sheria ni mbaya lakini mimi binafsi haijanigusa, naweza kwenda mahakamani kuipinga kwa ajili ya wengine? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

JIBU: Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na kwa miaka mingi watu waliitumia hivyo. Mwaka 2020 sheria inayosimamia mashauri haya ilirekebishwa, na anayefungua akatakiwa aape kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mimi naona hapo tulirudi nyuma, kwa sababu wanaoumizwa zaidi ndio wenye uwezo mdogo wa kufika Mahakama Kuu. Njia isiyo na shaka kwako ni kumtafuta aliyeguswa na kumsindikiza: umsaidie kuandika, umchangie nauli, ukae naye benchi moja.

Wa kwanza ninakupa mimi. Yule fundi baiskeli wa kanda ya kati anahitaji mtu wa kumwandikia notisi ya siku 90 kwa lugha iliyonyooka. Kama unasoma sheria na uko tayari, nitumie jina lako kupitia kwa mhariri, nami nitamwuliza mama watoto kama anakubali. Siku zinakwenda.